Bomba la Mtumba Nyumbani kwa Menna

Mtaa wetu umejengwa ubavuni mwa kilima, nyumba zote zimeshikana mabega, na nyuma ya kila nyumba kuna bustani nyembamba inayopanda kuelekea malisho ya kondoo. Mtu akipiga chafya bustanini kwake, nusu ya mtaa inamtakia afya. Ndiyo maana habari hii ya Menna Probert naijua vizuri. Sehemu niliiona mwenyewe nikianika nguo, na sehemu alinisimulia yeye baadaye, siku tulizokuwa tukikanda unga pamoja mezani kwake.

Menna alikuwa mpishi wa shule ya msingi karibu maisha yake yote ya kazi. Watu wazima wa hapa bondeni, wenye vipara na matumbo yao, bado humpisha njia wakikutana naye dukani, kwa kuwa ndiye aliyewalazimisha kula karoti. Ni mfupi, ana mikono minene yenye nguvu, na sauti ya kuvuka uwanja. Hakuwa na hofu ya mtu. Hofu yake ilikuwa moja tu: kupanda juu. Hata balbu ikiungua alimsubiri mumewe.

Mumewe ni Elwyn. Hapa kwetu majina ni machache kuliko watu, kwa hiyo kila mtu hupachikwa kazi yake ili asichanganywe na mwenzake. Yupo Elwyn Maziwa, yupo Elwyn Posta, na huyu wa Menna ni Elwyn Basi, maana aliendesha basi la kupanda na kushuka bonde tangu ujana hadi mgongo ulipomkatalia. Kwenye basi alikuwa mcheshi, anamjua kila bibi na mguu wake unaouma. Akifika nyumbani, kimya. Alikula, akaosha sahani, akakaa na gazeti. Menna alikuwa akituambia kwamba maneno ya Elwyn hushuka yote kituo cha mwisho.

Na Menna alikuwa na wivu. Si wa kupiga kelele wala kurusha vyombo. Alipoona wivu alisafisha. Tukiona vioo vya madirisha yake vinameta katikati ya wiki, na ngazi ya mlangoni imesuguliwa hadi jiwe linapauka, tulijua kuna mwanamke mahali fulani amekaa kiti cha mbele kwenye basi na kumchekesha dereva. Elwyn mwenyewe hakuwahi kujua. Alidhani mkewe anapenda usafi.

Alipostaafu, Elwyn alikosa la kufanya, akaanza kuchimba udongo wa mfinyanzi kule juu karibu na kijito. Akaokota matofali kutoka ukuta uliobomolewa nyuma ya kanisa. Majira ya baridi yote alikanda, akapanga, akabomoa, akapanga tena, mpaka mwishoni mwa bustani pakasimama tanuri la kuokea, la mviringo, lenye mdomo wa tao. Kwa sababu mvua yetu haina adabu, alilijengea kibanda cha mbao na mabati. Menna aliliangalia akasema linafanana na kichwa cha mchungaji wetu wa zamani. Elwyn akatabasamu, akaendelea kusiliba.

Tanuri lilioka vizuri. Tatizo lilikuwa moshi. Halikuwa na bomba, kwa hiyo moshi wote ulitoka mdomoni, ukajaa chini ya mabati, ukamtoa Menna machozi, kisha ukavuka uzio na kuingia dirishani kwa mzee Islwyn. Islwyn alifanya kazi mgodini mpaka mgodi ulipofungwa, na kifua chake bado kina vumbi la makaa. Hakulalamika. Alifunga dirisha, na tulimsikia akikohoa nyuma ya kioo. Menna alimwambia Elwyn kwamba mkate unaomkosesha jirani pumzi haumpiti kooni. Basi tanuri likalala baridi, limefunikwa turubai, na Elwyn akarudi kwenye gazeti lake.

Hapo ndipo alipoingia Verity Lomax.

Verity alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, Uingereza, akanunua nyumba ya mwisho ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kufunga majiko ya kuni na kusafisha mabomba ya moshi, na alizunguka mabonde yote na gari lake lililojaa brashi. Mwanamke mrefu, nywele fupi za mvi, ovaroli yenye masizi, kicheko kinachofika kabla yake. Umri wake ulikuwa ule ule wa Menna, lakini alipanda paa kama paka. Siku moja alipita nyuma ya bustani, akaliona turubai, akauliza chini yake kuna nini. Elwyn akalifunua. Walisimama pale mpaka chai ya Menna ikapoa mezani.

Juma lililofuata Verity alileta bomba. Lilikuwa la mtumba, amelitoa katika nyumba ya shamba huko mlimani ambako wenyewe walikuwa wakibadilisha namna ya kupasha joto, wakamwambia alitupe. Si bomba la bati jepesi. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati limeshindiliwa sufi ya mawe, nyuzi laini za mwamba ulioyeyushwa, zinazozuia joto lisitoke. Bomba la namna hiyo linaweza kupita karibu na mbao za kibanda bila kuziunguza, na moshi ndani yake haupoi njiani, kwa hiyo unapanda wenyewe kwenda zake. Lilikuwa vipande vipande, na kila kiungo kilifungwa kwa bangili ya chuma, pana kama vidole viwili, yenye kishikizo cha kubana.

Verity alimwonyesha Elwyn jinsi ya kukagua bomba la mtumba. Walilitazama ndani kwa kulielekeza angani, wakatafuta mahali lilipopinda kwa moto mkali. Walipima kila kipande mikononi kujua kama sufi imekunywa maji. Waligonga, wakasikiliza. Elwyn, ambaye kwa mkewe alisema labda maneno ya kujaza kikombe kwa siku, alikuwa akiuliza maswali kama mtoto wa shule. Na alikuwa amevaa shati safi. Menna aliliona shati lile kutoka dirisha la jikoni. Mtu gani anavaa shati safi kwenda kusugua masizi?

Siku hiyo Menna alisafisha friji.

Mambo yakaendelea hivyo kila Jumamosi, maana siku nyingine Verity alikuwa kazini. Walisugua vipande kwa brashi. Walijenga tao la matofali mbele ya mdomo wa tanuri, wakaacha tundu juu yake, wakalaza bamba la chuma la kubebea bomba. Menna alipeleka chai na keki za zabibu za kikaangoni, zikaliwa, akashukuriwa, kisha mazungumzo yakarudi kwenye saruji ya kuhimili moto na yeye akabaki ameshika sinia. Mara moja aliona Verity akimfuta Elwyn masizi kwenye paji la uso kwa kidole gumba, haraka, kama mtu anayefuta meza. Menna alirudi ndani akachemsha maji ya kusugulia sakafu.

Dada yake Elwyn, Gaynor, hakumsaidia hata kidogo. Gaynor anakaa mtaa wa chini na hupanda kila asubuhi kuja kuona kama kuna jambo.

"Wifi, yule mama ana mikono," alisema, akijimiminia chai bila kukaribishwa. "Nimemwona amebeba bomba begani kama wewe unavyobeba taulo. Halafu anacheka na kaka yangu. Sijui wanachekea nini."

"Wanachekea bomba," Menna alisema.

"Bomba lina mzaha gani?"

"Kawaulize."

"Mimi ningekuwa wewe nisingelala."

"Wewe hulali kwa sababu unakula jibini ukishaingia kitandani."

Gaynor alicheka, lakini alikuwa ameshatia kijiti kwenye kidonda. Alipoondoka aligeuka mlangoni, akasema kwamba mwanamke anayepanda paa mwenyewe ni nadra, tena mume asiyesubiriwa kwa ajili ya balbu ana raha yake.

Menna alijaribu kila kitu. Alipika kondoo na vitunguu majani siku ambazo si za kondoo. Alipaka rangi ya midomo saa nne asubuhi, na Elwyn akamuuliza kama kuna msiba anakwenda. Siku moja, nyumba ikiwa tupu, aliisimamisha ngazi kibandani akapanda, ili aone tu. Alifika kipandio cha nne. Pale alikwama, akakaa ameukumbatia mti wa kibanda mpaka mzee Islwyn alipomwona na kumwelekeza kwa sauti yake ndogo, mguu mmoja mmoja, jinsi ya kushuka. Islwyn hakumwambia mtu. Mimi aliniambia Menna mwenyewe.

Lakini lililomvunja halikuwa masizi wala ngazi. Ilikuwa hadithi.

Jumamosi moja mvua iliwafungia Elwyn na Verity kibandani, na Menna alikuwa nyuma ya ukuta akianua nguo. Alimsikia mumewe akisimulia. Alisimulia majira ya baridi ya zamani, theluji ilipomkuta na basi kule juu ya mlima, njia haionekani mbele wala nyuma. Aliwashusha abiria, akawafunga kamba ya kuvutia magari viunoni, mmoja baada ya mwingine, akatangulia mbele akipapasa njia kwa fimbo ya mzee mmoja. Akawaambia waimbe ili ajue hakuna aliyeachwa. Kulikuwa na mwanamke mjamzito, na Elwyn alisema mpaka leo anaisikia sauti yake, ilikuwa chini kuliko za wanaume wote. Alisema alilia njiani na hakuna aliyejua, kwa kuwa uso ulishakuwa barafu.

Menna alisimama kwenye mvua na mashuka mikononi. Aliikumbuka siku ile. Elwyn alirudi amelowa, naye Menna akamvua soksi, akazikausha mbele ya moto, akamuuliza imekuwaje. Na Elwyn alisema neno moja: theluji.

Miaka yote ile alikuwa na mume mwenye hadithi kama hiyo kifuani, na leo ameitoa, ameitoa kwa mtu aliyekuja juzi na bomba kuukuu. Menna aliniambia kwamba angewakuta wamekumbatiana pale, asingeumia vile. Busu angeweza kulipigania. Hadithi ilikuwa imeshatoka, imeshapokelewa, hairudi.

Mvua ilipokatika, Verity akaenda kwake, Elwyn akaingia kunawa. Menna alikwenda kibandani. Vipande vya bomba vilikuwa vimesimama tayari kupandishwa, na juu ya benchi zilikuwa bangili zimepangwa. Alichukua moja. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kitu kisimame, kitu kikwame. Akaitia kwenye mfuko wa koti lake la mvua na kurudi ndani kuweka viazi jikoni.

Walipokuja kufunga, bangili moja haikuwapo. Elwyn alitafuta chini ya benchi, kwenye nyasi, kwenye lundo la mchanga. Alimuuliza Menna, naye akasema hajui mambo ya mabomba. Verity alisema hakuna neno, ataagiza nyingine, ila ile bangili ilikuwa ya kiungo cha juu, kilicho chini kidogo ya mbao za paa, kwa hiyo asiwashe kabisa mpaka ifike. Alisema hivyo mara mbili, akimtazama Elwyn machoni. Walipandisha vipande hata hivyo, ili mvua isiingie kwenye tundu, na kile kiungo wakakizungushia waya kwa muda. Verity akaondoka na gari lake kwenda kazi ya siku kadhaa pwani.

Menna alitembea na bangili ile mfukoni. Alikwenda nayo dukani, alikwenda nayo kanisani. Ilikuwa nzito, na ilimgonga pajani kila alipopiga hatua. Alitaka kuirudisha kwenye nyasi ili "ionekane", lakini kila alipofika mlangoni alisikia tena ile sauti ya mumewe ikieleza habari za kamba na nyimbo, na mkono ukabaki mfukoni.

Elwyn hakuweza kusubiri. Alikuwa amesubiri tangu majira ya baridi. Asubuhi moja Menna alishuka mjini kununua unga, naye Elwyn akazungushia kiungo utepe wa bati juu ya waya, akajiambia atawasha moto mdogo tu, wa kukausha saruji. Moto mdogo ukawa unavuta vizuri mno. Bomba lilikuwa likinguruma kama basi linalopanda mlima, na nadhani furaha ndiyo iliyomfanya aongeze kuni.

Chuma kikipata moto hutanuka. Upepo nao ulikuwa unalitikisa bomba. Kiungo kikaachana kidogo, na kupitia ule ufa joto lote likapuliza moja kwa moja kwenye mbao.

Mimi nilikuwa bustanini kwangu. Nilimwona mzee Islwyn akigonga uzio kwa bakora yake, akigonga bila kukoma, maana pumzi ya kuita hakuwa nayo. Nilipotazama, moshi ulikuwa unatoka kati ya mabati, na Elwyn yuko juu ya ngazi akijaribu kulisukuma bomba mahali pake kwa glovu za bustani. Nilikimbilia simu kuita zimamoto. Menna alikuwa ndiyo kwanza anashuka basi chini ya mtaa. Aliuona moshi, akaubwaga unga njiani, akapanda kilima kile kwa mbio ambazo sikuwahi kuziona kwa mtu wa umri wetu.

Alikuta boriti mbili zinafuka na ya tatu imeanza kuwa nyekundu pembeni. Hakupiga kelele. Alifungulia mpira wa maji akazimwagia mbao tu, si tanuri, kwa kuwa tofali la moto likimwagiwa maji ya baridi hupasuka na kurusha vipande. Akamwambia Elwyn ashuke, kwa sauti ile ya karoti, na Elwyn akashuka. Kisha akachukua koleo la mti la kuingizia mikate, akalitumbukiza mdomoni mwa tanuri, akazivuta kuni zinazowaka moja moja mpaka kwenye toroli, akalisukuma toroli katikati ya bustani. Zimamoto walipofika hapakuwa na la kuzima. Walikagua, wakaonya, wakanywa chai.

Kiganja cha Elwyn kilikuwa kimetoka malengelenge. Menna alikiweka chini ya bomba la maji jikoni na kukishikilia pale kwa muda mrefu. Kisha alitia mkono mfukoni, akaitoa bangili, akaiweka mezani kati ya siagi na birika.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuitupa mtoni na hakuna ambaye angejua, hata mimi. Nilipomuuliza kwa nini hakufanya hivyo, alisema alichoka kuibeba.

Elwyn aliitazama. "Ilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mvua. Tangu ulipomwambia Verity habari ya theluji."

Elwyn hakuelewa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma ramani iliyogeuzwa. "Theluji gani?"

"Wewe uliniambia 'theluji', Elwyn. Nilikuvua soksi, nikakuuliza, ukaniambia 'theluji' ukalala. Yeye umempa kamba, na nyimbo, na mama mjamzito. Ukampa na machozi. Mimi nimekaa na wewe maisha yangu yote sijui kwamba uliwahi kulia."

Elwyn aliigeuzageuza bangili kwa mkono mzima, na Menna akadhani ndiyo basi tena, amerudi kwenye gazeti. Kisha akasema, "Siku ile nilipofika, ulikuwa umekaa dirishani umevaa koti. Ulikuwa unataka kutoka kunitafuta. Nikaona nikikuambia jinsi ilivyokuwa, hutaniacha niendeshe tena."

"Nisingekuacha."

"Ndiyo hivyo. Halafu siku zikapita. Ukikaa na jambo sana unakosa pa kulianzia. Yule mama aliuliza tu kama mlima ule hufungwa na theluji, na likatoka."

Menna alilia. Elwyn hakumfariji. Alikuwa na hasira, na haki yake. Alimwambia kwamba leo mzee Islwyn angeweza kufa kwa moshi, na kwamba wivu angeuelewa, lakini hili la kumwona anatafuta bangili kwa magoti kwenye nyasi, na mgongo wake ule, hilo hajui ataliweka wapi. Akatoka akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na kimya kingine kabisa, si kile walichokizoea.

Verity aliporudi kutoka pwani, Menna alimwendea mwenyewe kabla gari halijazimwa. Alimweleza yote akiwa amesimama barabarani, na sisi wengine nyuma ya mapazia. Verity hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Menna zaidi.

"Nyumba ya yule mzee ingeungua," Verity alisema, "ningeamini maisha yangu yote kwamba nilifunga vibaya. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Hulijui. Ndiyo maana nakuambia." Alianza kushusha brashi zake, akazipanga ukutani moja moja. "Mume wako ni mtu mwema na anachosha. Ameniambia habari za giaboksi mpaka nikasinzia. Mimi nilikuja kwa sababu nimehamia mahali ambapo sijui mtu, na kule kwenu kuna keki." Kisha akasema, "Jumamosi naleta mbao mpya. Atakayepanda ni wewe."

"Mimi ngazi siiwezi."

"Nitaishika."

"Ningekuwa wewe," Menna alisema, "ningeitikisa kidogo."

"Nimelifikiria."

Jumamosi hiyo sisi wote tulikuwa na nguo za kuanika. Elwyn, kiganja kimefungwa bandeji, alikata mbao zilizoungua, na Verity akapachika mpya mbali zaidi na bomba, akazungushia bamba la chuma penye tundu la paa. Alilifunga bomba ukutani kwa mikono ya chuma ili upepo usilichezee tena. Kikabaki kiungo. Menna alivua kilemba chake cha kazi, akakivaa tena, akapanda. Verity alikuwa chini ameikamata ngazi kwa mikono miwili na mguu mmoja. Kwenye kipandio cha nne Menna alisimama, na tuliona ngazi ikitetemeka, lakini iliyoitetemesha ilikuwa miguu yake mwenyewe.

"Nitazame nini?" aliuliza.

"Bomba," Verity akajibu kutoka chini. "Una mshale wa njia ya moshi mbele yako, umechongwa kwenye chuma. Unaelekea wapi?"

"Juu."

"Basi bomba liko sawa. Livishe bangili."

Aliizungusha, akaikaza, kishikizo kikalia. Akatia skrubu ya usalama. Kushuka kulimchukua muda kuliko kupanda, na alipofika chini Verity aliiachia ngazi, akapangusa mikono, akasema kazi si mbaya. Hawakukumbatiana. Watu wa kukumbatiana si hao.

Walipowasha, moshi ulipanda moja kwa moja, ukapita juu ya mapaa na kupotelea upande wa malisho. Mzee Islwyn alifungua dirisha akatoa kiti chake nje. Menna alioka mikate, kisha mguu wa kondoo, na tukala mpaka mvua ilipotukimbiza.

Nisidanganye kwamba wivu ulimwisha. Mtu hafungi bangili moja akageuka mwingine. Gaynor alipanda kesho yake akitaka kujua zaidi, na aliyoyakosa akayatunga, na kwa miezi Menna alivumilia kusikia akiitwa Menna Bangili dukani. Elwyn naye alichukua muda. Lakini jioni moja, wakiwa mezani, bila kuulizwa, alianza kumweleza habari ya abiria mmoja wa zamani aliyesafiri kila Jumatatu na bata kwenye kikapu. Haikuwa hadithi kubwa. Menna aliweka uma chini akaisikiliza kama hotuba.

Kilichofuata hakuna aliyekitazamia. Verity alihitaji mtu wa kumshikia brashi na kuongea na wenye nyumba, kazi ambayo yeye haiwezi akiwa juu ya paa, na majira ya mapukutiko Menna alianza kufuatana naye kwenye gari lile, mara mbili au tatu kwa wiki, mabonde ya mbali. Hurudi jioni masizi yamempaka mashavuni, na kicheko chao tunakisikia tangu kona ya kanisa. Juzi nilikuwa langoni kwao. Elwyn alikuwa amesimama dirishani, viazi vimeiva, kitambaa mkononi, dirisha linameta. Menna alipoingia, Elwyn alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hajali, ni kitu gani kilichowachekesha hivyo huko barabarani.

Menna alivua koti, akavuta kiti, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Viazi vilipoa.